Yavuyavu, Nobel na dereva wa Alabama

Wadau, mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifuta ruzuku nyingi za utafiti zinazotolewa na NIH, taasisi zao za taifa za afya. Baadhi zilirudishwa baada ya watu kwenda mahakamani. Wapo wanaoshangilia, eti kodi za watu zisichezewe kwa kuchunguza vidudu. Haya, tuangalie kidudu kimoja tu.

Kwanza elewa hili. Kwenye seli zako kuna vipokezi, ni kama vitasa. Homoni au dawa ikiingia kama ufunguo, kazi inaanza ndani. Mwenye pumu akivuta salbutamol, dawa inashika kipokezi kiitwacho beta-2, njia za hewa zinafunguka, anapumua. Kama theluthi ya dawa zilizoidhinishwa Marekani zinapitia kwenye familia hiyo moja ya vipokezi.

Sasa utajuaje kama dawa mpya imewasha kipokezi, wakati hakionekani kwa macho? Jibu ni mwanga. Kipokezi kinabandikwa kimeng'enya kinachotoa mwanga, kama kile cha kimulimuli. Protini inayokifuata kipokezi kikiwashwa inabandikwa protini nyingine inayong'aa kijani. Zikikaribiana chini ya nanomita 10 hivi, nishati inahamia kwa jirani na rangi inabadilika. Mashine inasoma hapo hapo, seli ikiwa hai. Dawa maelfu zinapimwa kwa muda mfupi.

Hiyo protini ya kijani imetoka wapi? Kwa yavuyavu wa baharini! Mwaka 1961 Mjapani Osamu Shimomura alikusanya kama 10,000 huko pwani ya jimbo la Washington. Hakuwa anatafuta dawa, alitaka kujua tu kwa nini wanang'aa.

Mwaka 1992 Douglas Prasher akaipata jeni yake. Lakini aliomba ruzuku NIH akanyimwa, pesa ikakata. Akawagawia wenzake ile jeni, Martin Chalfie na Roger Tsien, akaachana na kazi hiyo. Mwaka 2008 Shimomura, Chalfie na Tsien wakapata Nobel ya kemia. Na Prasher? Alikuwa anaendesha gari la kubeba wateja wa duka la magari huko Huntsville, Alabama. Wenzake wakamlipia nauli kwenda Stockholm kushuhudia, na 2012 Tsien akampa kazi kwenye maabara yake.

Jamani, jeni ilipona kwa sababu mtu mmoja hakuwa mchoyo. Angeifungia kwenye friji je? Ukinyima pesa utafiti kwa sababu leo hauoni faida, hujui umezima nini.

Na sisi tusicheke. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana 2006 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi bado hazijafika hapo. Kijana wetu mwenye kichwa kama cha Prasher yuko wapi saa hizi, maabara au kwenye usukani?

Nyie mnaonaje?