Maandalizi Nayo ni Kazi: Yalipwe



Gari linapopelekwa kupigwa rangi, mwenyewe huona siku moja tu, nayo ni siku ya rangi. Siku za kusugua, kuosha na kukausha hazioni, na kwa kuwa hazioni hataki kuzilipa. Maoni yetu ni kwamba desturi hii ya kulipia rangi na kuyaacha maandalizi ndiyo inayoharibu magari ya watu. Tena, lililo baya zaidi, ndiyo inayoharibu mapafu ya mafundi wetu.

Tuchukue mfano wa gari linalojulikana na kila mtu wa mwambao wa Ziwa Mweru, yaani Land Rover. Gari hili lilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu huko Uingereza baada ya vita. Kwa sababu hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa mabati ya aluminiamu, na chasi ikabaki ya chuma. Mengi ya magari hayo yalikuja Afrika yakiwa vipande ndani ya makasha, yakaunganishwa na kupakwa rangi na wafanyakazi wa huku huku. Kiwanda cha Leyland cha Thika, Kenya, kilikuwa kimojawapo tangu miaka ya 1970. Utengenezaji wa Land Rover za aina hiyo ya zamani ulikoma Januari 2016, lakini zilizopo bado zinatumika. Fundi wa Nchelenge au Kashikishi anapolifumua moja na kulipaka upya, anarudia kazi ya kiwanda chini ya mwembe.

Na aluminiamu si chuma. Ukilisugua bati lake likang'aa, hewa huanza papo hapo kulifunika kwa utando mwembamba usioonekana kwa macho, na juu ya utando huo rangi haishiki vizuri. Hivyo kazi ina utaratibu wake. Kwanza kuosha mafuta yote, kwa maana ukisugua kabla ya kuosha unayashindilia mafuta ndani ya mikwaruzo. Kisha msasa, wala si brashi ya chuma, kwa sababu chembe za chuma zikibaki juu ya aluminiamu huanzisha kutu. Halafu praima maalumu yenye asidi, ipigwe siku ile ile kabla utando haujarudi. Baada yake praima ya kujaza, msasa wa maji, kukausha, na mwisho kabisa ndipo rangi. Aidha, kila mahali aluminiamu inapogusana na chuma, kwenye boliti na bawaba, pana ugonjwa wake: unyevu ukiingia, aluminiamu huliwa, ikatoa unga mweupe na kuinua rangi kama malengelenge. Hapo pasiposafishwa mpaka kwenye bati zima, rangi mpya haitamaliza mvua moja.

Sasa tazama ujira ulivyo. Fundi hulipwa kwa gari, si kwa siku. Mwenye gari anataka apunguziwe bei na alichukue Jumamosi. Uvuvi wa Ziwa Mweru hufungwa kila mwaka tangu Desemba hadi mwisho wa Februari. Kwa mwenye gari la kubeba samaki huo ndio wakati mzuri wa kulipaka rangi, lakini kwa fundi ndio wakati mbaya, maana ni masika, na hewa yenye unyevu huifanya rangi ipauke na kuchelewa kukauka. Fundi afanye nini? Anaruka hatua. Rangi ikibanduka baada ya miezi michache, analaumiwa yeye na kurudishiwa kazi bila malipo. Haraka haraka haina baraka, lakini hapa anayeharakisha ni mmoja na anayekosa baraka ni mwingine.

Hilo ni la mfuko. La mwili ni zito zaidi. Hatua ya kwanza ambayo fundi huiruka si msasa, bali ni kinga yake mwenyewe. Baadhi ya praima za manjano zinazotumika juu ya aluminiamu zina kromati ya zinki. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeitaja kromiamu ya aina hiyo kuwa inaleta saratani kwa binadamu, na mwaka 1989 liliitaja hata kazi yenyewe ya upakaji rangi vivyo hivyo. Vumbi la kusugua praima ya zamani ni hatari sawa na praima mpya. Tena rangi za kisasa za kuchanganya na dawa ya kugandisha zina isosayaneti, sumu inayoleta pumu. Mfanyakazi aliyekwisha kudhurika nayo hata kidogo tu humbana kifua, na mara nyingi inambidi aiache kazi hiyo maisha yake yote. Kitambaa puani hakizuii kitu. Harufu nayo haitoi onyo, kwa kuwa sumu hiyo hudhuru kabla haijanukia. Kinachofaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Huko Ulaya, tangu Agosti 2023, hairuhusiwi mtu kuitumia kazini kabla hajapata mafunzo. Kwetu inauzwa dukani kama sukari.

Wala moshi wa rangi hauchagui. Unamfikia kijana anayeshika taa, mama anayeuza maandazi kando ya karakana, na chisense, dagaa wa ziwa hili, walioanikwa mchangani upande upepo unakokwenda.

Hatuombi hisani. Mkataba Namba 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 Shirika hilo liliuweka mkataba huo katika mikataba ya msingi. Zambia ina sheria yake ya afya na usalama kazini ya mwaka 2010. Mwenye karakana aliyeajiri watu analazimika kununua kinga, asiwakate mshahara.

Wako watakaosema: "Nikidai hivyo, mteja atakwenda kwa mwingine." Ni kweli, ukidai peke yako. Ndiyo maana tunapendekeza mambo matatu ya kufanywa kwa pamoja. Kwanza, mafundi wa Mwansabombwe, Nchelenge na Kashikishi wakae na kukubaliana bei moja, nayo iandikwe kwa mistari mitatu: maandalizi, rangi, kinga. Mteja akikata, aonekane anakata nini. Pili, pasipo barakoa ya hewa, rangi ya kugandishwa isipulizwe kabisa. Mabati ya Land Rover yamenyooka, na rangi ya kawaida ya mafuta ikipakwa kwa brashi kwa uangalifu inalifaa gari la kazi. Tatu, vyama vyetu vifungue mlango kwa mafundi wasio na mwajiri. Mapafu yao hayana tofauti na ya mwanachama wa kiwandani.

Ninyi wa mashambani mnaolipwa kwa kilo mnalijua jambo hili. Kilo hupimwa, lakini kutembea, kupalilia na kunyunyiza dawa hakuna anayekupima. Ujira unaohesabu mwisho wa kazi peke yake humfundisha mtu kuuharakia mwisho huo, na gharama ya haraka hulipwa na mwili wake. Tudai kazi yote ihesabiwe, tangu kuosha bati mpaka kumaliza.