Spika ya Taa za Disko Haimfundishi Mtoto

Najua nimepotea hapa kijiweni wiki mbili nzima, testi zilinibana kweli kweli. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Jana usiku kwenye grupu letu, sisi 10 tuliopangiwa BTP kwenye shule mbili jirani, kuna mwenzetu katupia picha ya spika ya Bluetooth. Kubwa kama ndoo ya lita 20, taa zinazunguka rangi zote, na kwenye boksi imeandikwa wati 5,000. Pendekezo lake: kila mmoja achange 20,000, ipatikane laki mbili, tununue hiyo ya kufundishia nje, halafu tukirudi itumike kwenye pati ya kumaliza chuo. Kufika asubuhi watu saba wameshaandika "sawa". Kura ni Jumatatu.

Mimi nasema HAPANA. Na sisemi kwa kuwa najifanya mjuaji. Nasema kwa kuwa mwaka jana mimi ndiye niliyeshabikia spika ya aina hiyohiyo, na nikaaibika mbele ya Form Two.

Ilikuwa hivi. Shule niliyopelekwa ina mkondo mmoja wa watoto zaidi ya 90, na darasa lina bati bila dari. Ikifika saa sita mle ndani ni tanuri. Mwalimu mwenyeji akaniambia nenda nao chini ya mwembe, mbona wenzako wote wanafanya hivyo. Mimi nikafurahi, maana tulikuwa na spika letu jipya, wanne tumechanga 25,000 kila mtu. Somo lilikuwa kusikiliza: mazungumzo ya sokoni kwa Kiingereza, watoto waandike bei.

Nikawasha. Taa zikawaka, watoto wakapiga makofi. Kisha yule muuzaji kwenye rekodi akaanza kuongea... vum vum vum. Kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Waliokaa mbele walipata kitu. Nyuma kabisa kuna binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kasema fifteen au fifty?" Nikarudia rekodi mara tatu. Mara ya nne nikaona amechungulia daftari la jirani na kunakili. Simlaumu. Mimi ndiye niliyemfundisha kunakili siku ile.

Sasa tuongee kitaalamu kidogo, usikimbie.

Kwanza hizo wati. Betri ya volti 7.4 na mAh 3,600 inabeba kama wati-saa 27. Gawanya kwa wati 5,000. Unajua ingedumu muda gani? Sekunde 19! Salamu tu haijaisha. Hiyo namba ya boksi, mara nyingi wanaibandika na herufi PMPO, haina kipimo kimoja kinachokubalika. Ni pambo kama zile taa.

Pili, nje siyo ukumbini. Ndani kuta zinarudisha sauti, nje inaondoka zake. Kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti inashuka kama desibeli 6. Na ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Kwa hiyo ili mtoto aliye mita 10 asikie kama yule wa mita 5, unahitaji wati mara nne. Dawa siyo kununua lidude kubwa. Dawa ni kupanga watoto nusu duara na kuinua spika juu ya meza ifike usawa wa masikio. Ukiiweka chini, ardhi inaongeza besi, na besi ndiyo inayofunika maneno. Herufi kama s, f na t ziko kwenye sauti nyembamba. Hizo ndizo zinazomfanya mtoto ajue ni neno gani limesemwa.

Tatu, mvua na vumbi. Letu lilikufa wiki ya tatu kwa manyunyu ya dakika tano, na boksi liliandika "waterproof". Neno tupu hilo! Tafuta herufi IP na namba mbili. Namba ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP67 maana yake vumbi haliingii, na imepimwa kuzama maji ya mita 1 kwa dakika 30. Ukiona IPX7, ile X maana yake vumbi halikupewa daraja. JBL Flip 5 ilikuwa IPX7, Flip 6 iliyotoka 2021 ikawa IP67. Kwa shule yenye uwanja wa vumbi jekundu hiyo tofauti ni kubwa. Na wale wa pwani: kipimo hicho ni cha maji baridi, siyo ya chumvi. Ikilowa ya bahari isuuze, iache ikauke kabisa kabla ya kuchaji.

Siwaambii tukanunue JBL. Nao nina ugomvi nao: Flip 4 ilikuwa na tundu la waya, kuanzia Flip 5 wakaliondoa. Mwalimu mwenye kiredio au simu ya zamani afanyeje? Ninachosema ni kwamba tununue ndogo, ngumu, yenye kuongea vizuri, hata kama haina taa hata moja.

Najua mtanijibu: "Sasa pati je?" Ni hoja, siipuuzi. Sote tumechoka, tunastahili kucheza. Lakini pati ni usiku mmoja, na siku hiyo spika kubwa la kukodi lipo. BTP ni wiki kadhaa, vipindi kila siku, na wale watoto mtihani wao hauna usiku wa kukodi. Kama hela ni ya pati, tuiite ya pati. Tusimsingizie mtoto wa chini ya mwembe.

Pendekezo langu ni rahisi. Kabla ya kura, wawili wetu waende dukani na simu. Wasipige muziki! Wajirekodi wakisoma imla, maneno 10, fifteen na fifty yawemo. Mmoja akae na spika nje ya duka, mwingine aende hatua 20, ageuze mgongo, aandike anachosikia. Spika itakayopata 10 kwa 10 ndiyo yetu. Ikipata 6, hata iwe na taa za uwanja wa mpira, irudishwe kwenye boksi. Muuzaji akikataa kuitoa nje, jibu mmeshalipata.

Mimi nitakwenda, nauli yangu mwenyewe. Nani ananisindikiza?

Naomba kuwasilisha. Matusi yaje hapo chini kwenye maoni, ila yaje na sababu.