Msumeno wa Kwanza wa Chama Chetu

Muhula huu hapana jambo lililozungumzwa katika Chama chetu cha Useremala kuliko fedha za vigoda. Vigoda tulivyowauzia wazazi siku ya mahafali vimetuletea fedha ambazo chama hakijapata kuwa nazo, na mkutano wa mwanzo wa muhula ujao ndio utakaoamua zitumiwe kwa nini. Wenzangu wengi wataka mashine ya kukatia nakshi: ule msumeno wa umeme wenye wembe mwembamba kama utepe wa uzi, upandao na kushuka mahali pamoja huku fundi akiusogeza ubao kwa mikono miwili. Wauzaji huuita skroliso. Kwa msumeno huo hukatwa majina, ndege, majani na kila kitu chenye kona za ghafula. Mimi siupingi. Nasema tu kwamba usiwe wa kwanza kununuliwa, na ukinunuliwa, usiwe ule ambao picha yake imebandikwa mlangoni mwa karakana.

Sisemi kwa kusikia. Mwaka jana, wakati wa likizo ya Juni, nilimshawishi mjomba wangu, ambaye ni fundi wa vitanda, anunue mashine kama hiyo. Ilikuwa imetumika, lakini rangi yake ilikuwa bado nzuri, na muuzaji aliiwasha mbele yetu ikalia kwa sauti tamu. Mjomba aliniambia, “Haya mpwa wangu, wewe ndiye uliyesoma, itazame vizuri nisije nikanunua chuma kitupu.” Nikatazama mota, nikatazama meza, nikasema ni njema. Fedha aliyoitoa ilikuwa imewekwa kwa ajili ya kuezeka jiko la shangazi.

Tulipofika nyumbani nilichora jina la mteja wetu wa kwanza, lenye herufi a, e na o. Basi, ajuaye kazi hii ajua kwamba tumbo la herufi hukatwa kwa ndani. Hutobolewa tundu kwanza kwa keekee, wembe hupitishwa tunduni, hufungwa juu na chini, ndipo ukate. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nyembe za mashine hizi ni za namna mbili. Namna moja ina pini ndogo ya chuma iliyopita kombo katika kila ncha, na mashine huishika kwa kuikwamisha pini hiyo. Namna ya pili haina kitu katika ncha zake, nayo hubanwa kwa parafujo. Mashine yetu ilishika wembe wa pini peke yake. Pini haipiti ila katika tundu la milimita 5 au zaidi, na tumbo la herufi yangu lilikuwa dogo kuliko tundu hilo. Wembe usio na pini hupita katika tundu la milimita moja na nusu tu.

Nilipanua herufi, zikawa mbaya. Kisha nyembe tulizopewa zikakatika moja baada ya moja, nasi tulizunguka maduka ya mjini siku nzima bila kuona hata moja yenye pini. Nyembe zisizo na pini zilikuwapo. Mashine ikafunikwa kwa gunia, na iko hivyo mpaka leo. Mjomba hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Kwa hiyo mtu anunuapo mashine hii kwa mara ya kwanza, asianze kutazama rangi wala nguvu ya mota, bali mahali wembe unaposhikwa. Aulize: yashika wembe usio na pini, wa urefu wa inchi 5? Hicho ndicho kipimo cha kawaida. Tena aufungue wembe na kuufunga yeye mwenyewe papo hapo dukani, maana kazi yenye matundu 30 humfanya aufungue na kuufunga mara 30, na ikiwa kila mara ahitaji bisibisi na msaada wa mwenzake, ataichukia kazi kabla ya saa sita mchana. Mashine ile ya mlangoni, nimeisoma karatasi yake mara mbili, ni ya pini.

Mengine nayapitia upesi. Mashine nzito ni bora kuliko nyepesi, kwa sababu nyepesi hutikisika na mstari huwa kama ulioandikwa ndani ya lori. Hata nzito yafaa ifungwe kwa bolti juu ya meza imara. Mwendo wake uwe waweza kupunguzwa na kuongezwa, tuseme kutoka mapigo 400 kwa dakika hadi 1,600, maana mbao nyembamba hutaka taratibu, na plastiki huyeyuka na kugandana nyuma ya wembe ukienda mbio. Nafasi kati ya wembe na nguzo ya nyuma huwa inchi 16 katika mashine nyingi ndogo, nazo zatosha kwa kazi za wanafunzi. Wembe namba 5 wafaa kwa ubao wa robo tatu ya inchi. Kadiri namba inavyozidi, ndivyo wembe unavyozidi unene. Na mkata mvule afunike pua, kwani vumbi lake lawasha.

Jambo la umeme nataka wazazi walisikie zaidi, kwa kuwa baadhi yao wamesema watatusaidia kupata mashine iliyotumika kutoka nje. Umeme wetu ni volti 230, nao hugeuka mara 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni volti 120, mara 60. Wa Japani ni volti 100. Ukichomeka mashine ya huko ukutani kwetu bila kitu cha kati, utanusa moshi tu. Twaweza kutumia transfoma kushusha volti, kama tulivyojifunza katika fizikia, walakini transfoma haizibadili zile mara 50 kuwa 60, na mota za namna nyingi zitakwenda polepole kuliko zilivyokusudiwa. Bei ya transfoma iongezwe katika hesabu. Nyingi za mashine rahisi huacha kuwa rahisi hapo.

Sasa nirudi kwa yale niliyosema mwanzoni. Chama chetu kina wanachama 28. Karakana hufunguliwa Jumamosi baada ya usafi, kwa saa mbili. Mashine moja, dakika 120, watu 28: kila mmoja apata dakika nne na kidogo kwa juma, ikiwa umeme haukukatika. Wote twajua dakika hizo zitakwenda kwa nani. Zitakwenda kwetu sisi wa Kidato cha Nne, na wale wa Kidato cha Kwanza watasimama ukutani wakitazama, kama wasimamavyo bombani na ndoo zao mpaka wakubwa wamalize.

Kuna msumeno wa mkono ufanyao kazi ile ile. Umbo lake ni kama upinde mrefu wa chuma, una mpini mmoja, na kati ya ncha zake hukazwa wembe wa inchi 5 usio na pini. Ndiyo, ni nyembe zile zile za mashine iliyo njema. Kwa bei nilizoziuliza mimi mwenyewe, fedha za mashine moja zanunua misumeno hiyo kumi, na nyembe, na chenji hubaki. Hufungwa ubao mdogo ukingoni mwa meza, ubao uliokatwa pembe kama mdomo wa ndege uliofunguka. Kazi hulazwa juu yake, na mkono huvuta msumeno chini na kuurudisha juu. Meno yatazame chini, kuelekea mpini, maana ni msumeno wa kuvuta. Wembe ukikazwa sawasawa na ukaugusa kwa ukucha, hulia kama uzi wa zeze. Niliununua wangu mwezi wa Septemba, na nyembe sita za kwanza nilizivunja kwa kusukuma kwa nguvu. Ya saba ilikaa majuma matatu.

Rafiki yangu wa meza moja husema kwamba hii ni kurudi nyuma, na kwamba dunia yaenda mbele kwa mashine. Nakubali mashine haichoki, na ukataji wake husimama wima bila kupinda, jambo ambalo mkono huchukua miezi kujifunza. Tena kwa mashine twaweza kupokea kazi nyingi za watu na kupata fedha zaidi. Lakini huyo huyo rafiki hajapata kukata tumbo la herufi o kwa mkono, naye ataka kuikata kwa mapigo 1,600 kwa dakika. Tulipokwenda Unguja kwa ziara tuliiona Zahanati ya Kale pale pwani, iliyoanzwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, na sote tulisimama chini ya roshani zake tukishangaa mapambo ya mbao. Wale mafundi hawakuwa na waya wa umeme hata mmoja.

Hata huko Uingereza kazi hii ilienea kabla ya umeme kufika majumbani. Katika mji wa Dereham kampuni ya Hobbies ilianza mwaka 1895 kutoa gazeti la kila juma lenye michoro ya kukata, nayo iliuza mashine za kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Mashine ya namna hiyo ndiyo ningeipenda kuliko zote. Stoo ya shule ina miguu miwili ya cherehani kuukuu, na yeyote katika chama apendaye kujaribu na aiombe kwa Mwalimu wetu wa ufundi. Mimi nimeiomba, akacheka, lakini hakukataa.

Rai yangu kwa mkutano ni hii: inunuliwe misumeno minane ya mkono, na paketi za nyembe namba 2 na namba 5, na fedha zilizobaki zikae kwa mweka hazina mpaka mwakani. Wakati huo wataamua mashine watu ambao mikono yao yajua wembe ni nini. Sisi wa Kidato cha Nne hatutakuwapo. Msumeno wangu nauacha karakana, msumarini kando ya dirisha, pamoja na ule ubao wenye mdomo wa ndege. Parafujo yake ya juu imelegea kidogo. Ikazeni kwa koleo kabla ya kuanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV