Pande Sita za Sigala



Katika maandiko ya Wabuddha imo habari ya kijana mmoja wa Bara Hindi, jina lake Sigala. Baba yake alipokuwa karibu kufa alimwusia azisujudie pande sita: mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, chini na juu. Basi kijana akashika wosia. Alfajiri alitoka mjini Rajagaha, na nguo na nywele zikiwa zimelowa maji, akasujudu huku na huku.

Buddha alimkuta hapo, naye hakumcheka. Alimwambia ya kuwa pande hizo ni watu. Mashariki ndio wazazi, kusini walimu, magharibi mke na watoto, kaskazini rafiki, chini watumishi na vibarua, juu watu wa dini. Kuziheshimu pande ni kuwatendea hao ipasavyo, nao wakutendee vivyo hivyo.

Mtu atauliza, je, Mkristo ajifunze kwa Wabuddha? Sisi tunamwabudu Mungu mmoja, wala hatumsujudii mwingine. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, ulitamka ya kuwa Kanisa halikatai lililo kweli na takatifu katika dini hizo.

Mume, asema Buddha, amheshimu mkewe, asimdharau, asimwendee mwanamke mwingine, amwachie madaraka ya nyumbani, tena ampatie mapambo. (Akina mama hawatalisahau hilo la mwisho, kwetu ni kanga mpya.)

Lakini zaidi utazameni upande wa chini. Bwana awape vibarua kazi kwa kadiri ya nguvu zao, awape chakula na ujira, awauguze wakiugua, awagawie kitoweo kizuri kikipatikana, awape nafasi ya kupumzika. Na huku kwetu? Kibarua amemaliza kulima, aambiwa, “Njoo Jumamosi.” Jumamosi aambiwa, “Ngoja mavuno.” Na Jumapili wote wawili wamo kanisani, benchi moja! Mtume Yakobo naye aliwakemea vikali waliozuia ujira wa wavunaji.

Kibarua naye ana wajibu wake: aamke kabla ya bwana wake, asichukue asichopewa, afanye kazi vizuri, amtaje bwana wake kwa wema. Haya, mzee, mwambie kibarua asiyelipwa tangu palizi akutaje kwa wema huko kilabuni.