Kura na Ulinzi



Mara nyingi twasikia watu wakinung'unika barazani kwamba polisi hawawasikilizi raia. Basi leo twapenda kuwaeleza habari za Uingereza na Wales, maana huko walijaribu kuiponya kasoro hiyo kwa njia ya kura.

Kwa sheria ya mwaka 2011 iliwekwa kazi mpya, yaani Kamishna wa Polisi na Uhalifu, mtu anayechaguliwa na wenyeji wenyewe. Tarehe 15 Novemba 2012 walichaguliwa makamishna 41, nje ya London. Kamishna huandika mpango wa kupunguza uhalifu, hupanga fedha za polisi, huwatafutia msaada waliotendewa uhalifu, tena ana haki ya kumteua mkuu wa polisi na kumwondoa. Lakini hana amri ya kusema fulani akamatwe au fulani aachwe. Hilo ni juu ya polisi wenyewe, kwa kufuata sheria.

Sisi watumishi wa serikali twausifu mpaka huo. Aliyechaguliwa huhitaji kupendwa. Aliyeajiriwa hana budi kutenda haki hata asipopendwa. Kazi hizo mbili zikichanganywa, mwenye jamaa wengi hatashikwa, na mnyonge atashikwa kwa kosa lisilo lake.

Lakini dawa ile ilipungukiwa na kitu kimoja, nacho ni wapiga kura. Siku ile ya kwanza, katika kila watu 100 wenye haki ya kupiga kura, walikwenda kama 15 tu. Na katika kituo kimoja cha mji wa Newport hakutokea hata mtu mmoja. Mwaka 2016, kura hizo zilipopigwa pamoja na kura nyingine, hesabu ilizidi robo. Hatimaye, Novemba 2025, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba cheo hicho kitafutwa makamishna watakapomaliza muda wao mwaka 2028.

Hatusemi kwamba makamishna hawakufanya kazi. Twasema kwamba mwakilishi asiyejulikana na watu wake hana wa kumtetea siku cheo chake kitakapopimwa. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Wenzetu, twawaomba mlifikiri neno hili kabla ya mkutano wetu wa mwaka. Viongozi wa chama nao huchaguliwa kwa kura, na viti vitupu havimwulizi mweka hazina hesabu. Njoni.