Brauza inakula ram? Iache ile

Nilipotea kidogo, test zilinibana. Leo nimekuja na ubishi.

Hapa hosteli kila mtu analalamika Chrome inakula ram. Mshkaji wangu wa kitanda cha juu kafungua kurasa saba, akabonyeza Ctrl+Shift+Esc, akakuta Chrome imejiandika mara kumi na kitu. Anasema ule ni wizi. Mimi nakataa, na sababu naijua tangu field.

Nilikuwa Kilwa Masoko. Mwalimu wa taaluma akanipa kazi ya kuingiza alama za kidato cha nne, mikondo miwili. Nikafungua mafaili mawili, madirisha mawili, nikajua nina vitu viwili. Kumbe kwenye ile programu ya majedwali madirisha yote yalikuwa prosesi moja! Faili la pili, lenye mafomula kibao, likaganda, na la kwanza likaganda nalo. Nikaizima kwa nguvu. Alama za mkondo mzima, kwaheri. Sikuwa nimesevu tangu asubuhi, hilo kosa langu.

"Anza tena mwanangu," mwalimu akasema, wala hakugomba. Kesho yake kulikuwa na kikao cha wazazi, wengine wanavuka kwa mashua kutoka Kisiwani. Nilichapa mpaka saa saba usiku, macho mazito, nikaruka mstari mmoja. Binti wa watu akasomewa hisabati ya mwenzake mbele ya baba yake. Tulirekebisha mchana ule ule na nikamwomba mzee radhi, lakini ile sura ya yule binti bado ninayo.

Sasa, prosesi ni nini? Ni programu inayoendeshwa ndani ya chumba chake cha kumbukumbu, na mfumo endeshi haumruhusu jirani kuingia kuandika humo. Ikifa, mfumo unachukua chumba chake na wengine wanaendelea. Kwenye Windows 3.1 ya 1992 programu zilipeana zamu kwa hiari tu. Mmoja akigoma kuachia, wote mmekaa. Brauza nazo zilikuwa hivyo hivyo, ukurasa mmoja mbovu unaangusha yote, mpaka Chrome ilipotoka Septemba 2008 na kutenganisha kurasa kwa prosesi. Firefox ilifuata miaka kadhaa baadaye.

Sisi wa kusini hili tunalielewa kwa miguu. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, Lindi na Mtwara zilikosa njia yao fupi ya gari kwenda Dar. Njia fupi ilikuwa moja.

Ni kweli vyumba vingi vinataka ram nyingi. Kwa mashine ya gb 2 kama ile ya ofisini kule, kurasa kumi zinaifanya itambae kama kobe. Hapo mshkaji ana pointi. Lakini dawa ni kufunga kurasa usizosoma (nani anahitaji kurasa nne za mpira kwa wakati mmoja?), au shule iongezewe ram. Kuzirundika zote chumba kimoja siyo dawa.

Ndani ya Chrome kwenye Windows bonyeza Shift+Esc, utaona ukurasa gani ndio mlafi, unaua huo tu. Na sevu, jamani. Umeme ukikatika, prosesi zote zinakufa pamoja.