UCHAMBUZI: Michezo ya marudio mtandaoni isiwe mashindano ya kasi ya vidole

KATIKA baadhi ya shule, hasa za kibinafsi mijini, kipindi cha marudio hakianzi tena kwa mwalimu kuwaamuru wanafunzi wafungue madaftari. Swali hutokea ukutani, saa huanza kuhesabu sekunde, na kila mmoja hubonyeza umbo alilochagua: pembetatu nyekundu, almasi ya samawati, duara la manjano au mraba wa kijani.

Huo ni mchezo wa Kahoot, uliozinduliwa nchini Norway mnamo 2013. Walimu wanaoutumia huusifu kwa kuwaamsha wanaosinzia baada ya chakula cha mchana, nami sina sababu ya kuwabishia. Ninachouliza ni iwapo mwanafunzi aliyechangamka ndiye aliyejifunza.

Kwamba maswali husaidia kumbukumbu si jambo la kubahatisha. Mnamo 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha utafiti ambapo wanafunzi walisoma kifungu mara mbili, au wakakisoma mara moja kisha wakajaribu kukikumbuka. Baada ya dakika 5, kusoma mara mbili kulikuwa na matokeo bora. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliojaribiwa walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42.

Hata hivyo, wanafunzi hao waliandika walichokikumbuka. Hawakuchagua jibu moja kati ya manne. Sisi tuliofanya KCPE tunafahamu fika kwamba hata asiyejua lolote hupata swali moja katika kila manne kwa kukisia tu.

La kutia wasiwasi zaidi ni saa. Kwa kawaida, anayejibu upesi katika Kahoot hutuzwa alama nyingi kuliko mwenzake aliyepata jibu lilo hilo baada ya kutafakari. Swali la hesabu linalohitaji kalamu na karatasi hugeuka bahati nasibu, na mtoto mpole anayefikiri kwa utaratibu hujiona mjinga jina lake linapokosekana kwenye orodha ya washindi. Mwalimu anaweza kuongeza muda au kuondoa alama, mradi tu akumbuke kufanya hivyo.

Wazee wetu walikuwa na mchezo wao wa marudio. Mtegaji wa kitendawili hakushika saa mkononi. Aliyeshindwa alitoa mji, kisha akafumbuliwa fumbo, na hapo ndipo alipojifunza. Mwalimu anayekimbilia swali la pili bila kueleza kwa nini nusu ya darasa ilikosea la kwanza ameipoteza sehemu hiyo yenye manufaa.

Kisha kuna suala la vifaa. Serikali iliyoahidi vipakatalishi mnamo 2013 ilianza kusambaza vishikwambi kwa wanafunzi wa Darasa la Kwanza mnamo 2016, na zaidi ya milioni 1 vikafika shuleni. Waliovipokea wakati huo walikwishatoka shule ya msingi. Katika shule nyingi za upili, mwanafunzi akipatikana na simu huadhibiwa. Nani basi atabonyeza pembetatu nyekundu?

Wabunifu wamewahi kupata njia. Shupavu 291, huduma ya Eneza Education, ilimwezesha mwanafunzi kujibu maswali kwa ujumbe mfupi akitumia simu ya kawaida ya mzazi. Nayo programu ya Plickers huhitaji simu moja tu, ile ya mwalimu. Mwanafunzi hupewa kadi ya karatasi yenye mchoro wake wa pekee, huigeuza upande wa jibu lake na kuiinua, kisha mwalimu hupitisha kamera ya simu darasani. Jirani hawezi kuigilizia kwa urahisi kwa kuwa michoro haifanani, wala hakuna anayetuzwa kwa haraka.

Ningekuwa mwalimu ningeanzia hapo, japo hata kadi zina kikomo. Pakiti ya kawaida ina kadi 40, na iliyopanuliwa 63. Darasa lenye wanafunzi 70 litalazimika kugawana kadi wawili wawili, jambo ambalo huenda likawa heri, kwa kuwa hao wawili itawabidi wajadiliane kabla ya kuinua mkono.